Nchi ya Wageu Ndani ya Menengai

Pale Bondeni, mjini Nakuru, barabara inapopinda kuelekea kwa kinyozi Ubaid, kuna benchi la mbao nzito ambalo halijawahi kuwa na mwenyewe. Linatosha watu wanne wakibanana. Mbele yake, kwenye kigoda, huketi Safiyo na jiko la makaa, birika la shaba na vikombe vidogo vya kahawa chungu yenye tangawizi. Sheria ya benchi ni moja tu: huketi mpaka upewe jina. Mgeni hunywa amesimama, hata akiwa daktari. Na jina halinunuliwi, bwana. Hutokana na jambo ulilofanya, na mara nyingi ni jambo ambalo ungefurahi watu wakilisahau. Safiyo amemimina kahawa hapo miaka kumi na tisa, na wote humwita Mama Sumeya, kwa jina la binti yake. Hilo si jina la benchi. Hakuna aliyewahi kuling'amua, wala yeye mwenyewe hakuling'amua mpaka Jumatano ile.

Jumatano hiyo, jua likiwa halijafika utosini, wazee wa benchi walikuwa wametimia. Muiruri ndiye Kaimu. Aliwahi kushikilia kiti cha chifu siku kumi na moja chifu alipolazwa, na mpaka leo huongea kama mtu aliyekabidhi ofisi jana jioni. Maxwel ndiye Pasipoti. Alitafuta pasipoti aende kufanya kazi Uarabuni, akaagwa kwa mbuzi na maombi, akafika Nairobi, akarudi. Kitabu chenyewe bado kiko mfukoni mwa shati, nacho kimeisha muda mara mbili. Wa tatu ni Nderitu, mwandika mabango, aliyekalia brashi ya rangi ya kijani kibichi siku ya harusi ya dada yake, akapanda nayo mpaka madhabahuni. Huyo ni Brashi. Kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara, na siku hizo mlango wa kibanda ndio uliokuwa ukisimamisha watu.

Hadithi yenyewe ni hii. Miaka kumi na miwili iliyopita Nderitu alichora kitabu cha picha kilichoitwa Wana wa Mvuke. Kilihusu watu waliozaliwa karibu na mvuke unaotoka ardhini, wakageuka. Mmoja hawezi kuungua. Mwingine hupaa. Mwingine husikia flamingo wakisemezana. Msichana mmoja, Cheche, huwasha moto kwa kidole. Watu waliwaita Wageu, wakawaogopa, wakawafukuza kutoka mtaa mmoja hadi mwingine. Vilitoka vitabu vinne, mchapishaji akafunga duka, basi. Sasa kampuni moja ya Nairobi ilikuwa imempigia Nderitu simu. Inataka kukifufua, kianze upya tangu namba moja, na safari hii Wageu wasikimbie tena. Waingie ndani ya kreta ya Menengai, waanzishe nchi yao. Kava Nderitu alikuwa amelichora kwenye mlango wa kibanda kwa rangi za mafuta: Cheche amesimama ukingoni mwa kreta na bendera mkononi, Wageu wenzake nyuma yake.

Safiyo alikuwa ameenda kulitazama mara tatu, kila mara akijifanya ananunua vitunguu kibanda cha pili. Alikuwa na vitunguu vya kumtosha mwezi mzima. Lakini mama yake Cheche, aliyekuwa akimtafuta pale mlangoni, hakumwona.

Alikuwa na haki ya kumtafuta, kwa sababu Mama Cheche alikuwa yeye. Pengo la meno ya mbele lilikuwa lake, leso nyekundu yenye michoro ya korosho ilikuwa yake, na birika ni hili hili. Kwenye kitabu cha tatu Mama Cheche anawaficha Wageu sita nyuma ya magunia ya kahawa, kisha anamwambia askari mlangoni kwamba humu hamna kitu ila kahawa. Watu walipomtania Safiyo alikana, akasema sura za watu hufanana. Lakini ukurasa ule aliupeleka kwa mpiga picha ukafunikwa plastiki ngumu, na anauweka pamoja na kitambulisho chake.

Kwa hivyo asubuhi ile alitaka kujua jambo moja tu: Mama Cheche ameingia kwenye hiyo nchi, au ameachwa? Jibu lilikuwa ndani ya bahasha ya kaki iliyobanwa kwapani mwa Nderitu. Ukurasa wa mwisho ulitakiwa Nairobi kabla ya saa saba, na Nderitu tangu afike alikuwa amemsalimia Safiyo mara mbili bila kumwangalia. Kuuliza, Safiyo hawezi. Afadhali ameze kaa la moto.

Wenzake hawakuwa na haya hiyo. Kaimu alianza kwa kusema kwamba nchi haianzi na bendera, huo ni utoto. Nchi huanza na muhuri. Bila muhuri, barua ya nani itaaminika? Alitoa kadi ya harambee mfukoni, akaigeuza nyuma kulikokuwa kweupe, akaomba kalamu, akaandika juu kabisa KATIBA. Pasipoti alimwambia awe mpole, kwanza waulize mipaka. Mtu anayepaa huyo ana mpaka gani? Akipaa juu ya Menengai akapitiliza kidogo, si ameingia Kenya bila karatasi? Na akirudi atagongwa muhuri wapi, hewani?

Kaimu akaandika: ofisi ya hewani.

Hapo Pasipoti akapata mwanya. Akaeleza kwamba kreta ile haina chini, kila mtu anajua, na kwamba nchi ya Wageu itakuwa na mlango wa nyuma unaotokea Ziwa Naivasha. Ndiyo maana kule Mai Mahiu ardhi hupasuka na barabara kuzama. Si mvua. Ni watu wanachimba korido.

— Wewe umewaona? Kaimu akauliza.

— Kwani mjusi wa ukutani kwako unamwona akijenga? Na bado yuko.

Kufikia kikombe cha tatu, nchi ya Wageu ilikuwa imekwisha kuwepo muda mrefu, tena kabla ya Nderitu kuichora. Ule ukungu wa asubuhi unaofunika Menengai ulikuwa ofisi yao ya uhamiaji. Nakuru kupandishwa kuwa jiji ilikuwa kazi yao. Hata ule upepo wa vumbi wa mwezi wa pili, Pasipoti alidai, ni Wageu wakifagia. Nderitu alicheka mpaka kahawa ikamwagikia bahasha, akaifuta haraka kwa mkono wa shati. Safiyo aliitazama ile bahasha ikifutwa, akageukia jiko lake.

Kaimu akarudisha watu kwenye ajenda. Swali ni nani raia. Akasoma kifungu cha kwanza kwa sauti ya baraza: asiye na nguvu asubiri nje ya lango. Wote wakakubali kwamba hicho ni kifungu cha haki, maana Wageu wamekimbizwa vya kutosha, na mtu wa kawaida ukimpa mguu ataleta mwili mzima, na kesho yake ataleta ploti na mawakili. Ilibaki namna ya kupima. Pasipoti akasema wajipime wao kwanza. Sheria isiyomfaa mwenye kuitunga itamfaa nani?

Basi wakajipima. Kaimu akathibitishwa kuwa hunusa mvua siku mbili kabla. Wote walijua kwamba mwaka huo alikuwa ameinusa mara kumi ikaja mara moja, lakini hakuna aliyetaka ugomvi. Pasipoti akapewa uraia kwa kuweza kusafiri bila kutoka alipo. Nderitu, huyo hata hakujadiliwa, yeye ndiye aliyewaumba. Ubaid kinyozi, ambaye hakuwepo, alipitishwa kwa mikono yake, kwa kuwa hajawahi kumkata mtu sikio tangu aanze kazi. Paka wa Ubaid akapitishwa pia, kwa sababu huangalia pembe tupu ya duka kwa nusu saa nzima, na kiumbe wa kawaida hawezi.

Kaimu akahesabu majina kwenye kadi. Watano, pamoja na paka. Akapiga mstari chini.

Safiyo alikuwa akisuuza vikombe kwenye beseni. Alisubiri. Aliendelea kusuuza kikombe ambacho tayari kilikuwa safi, akakisuuza tena, akakipangusa, akakimiminia kahawa, akampa Kaimu. Kaimu alikipokea, akashukuru kwa adabu zake zote za ofisini, akaendelea kusoma kifungu cha pili, kuhusu likizo. Safiyo aliumia. Sisemi alikasirika, hasira angejua la kuifanya. Aliumia kama mtu aliyesikia jina la kila mtu likiitwa kwenye ukumbi ila lake, mpaka taa zikazimwa.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuwa amemwambia mtu. Sumeya, binti yake, aliolewa mwaka jana akahamia kwenye maghorofa yenye ukuta na geti, upande wa juu wa mji. Mwezi uliopita Safiyo alimpelekea pilau ndani ya sufuria. Askari wa getini akamwonyesha kitabu. Safiyo akaandika jina, namba ya kitambulisho, na pale palipoandikwa sababu ya kuja akaandika pilau. Askari akapiga simu ya Sumeya, haikuingia. Alisimama nje dakika arobaini na sufuria kichwani, watu wakipita na magari, akarudi Bondeni na pilau imepoa. Sumeya alilia kwenye simu jioni, betri ilikuwa imekufa, pole mama. Si kosa la mtu. Lakini Safiyo hajarudi tena kule.

Sasa hapo ndipo alipotokea msichana mmoja wa miaka ishirini na kitu, koti la jinzi, kifuko cha plastiki mkononi. Alitokea upande wa kibanda cha Nderitu, akiangalia nyuma nyuma mlangoni, kisha akavuka.

— Sasa, wazee. Shikamoo, mama.

Safiyo akaitikia marahaba, akamkabidhi kikombe. Msichana hakuangalia hata kama kuna nafasi kwenye benchi, akasimama vizuri tu. Alijieleza kwamba anaitwa Chepkurui, anafanya kazi ya kufunga maua kwenye shamba moja la Naivasha, leo ni ofu yake, siku ya kupumzika. Rafiki yake alimtumia picha ya ule mlango, naye hakuweza kungoja wikendi. Akatoa kitu kwenye kifuko. Kilikuwa Wana wa Mvuke namba tatu, hakina kava, pembe zimeliwa na mende.

— Nilikipata nikiwa klasi faivu, akasema. Nilikisoma mpaka nikakijua kwa kichwa. Nani ndiye alikichora?

Benchi zima lilimwonyesha Nderitu kwa vidole. Nderitu alisimama, akaketi, akasimama tena. Miaka kumi na miwili, na huyu alikuwa msomaji wa kwanza kumwona ambaye hakuzaliwa Bondeni. Furaha ikamfanya aitoe ile siri aliyokuwa amebana kwapani. Alifungua bahasha akautoa ukurasa wa mwisho, bado uko kwa penseli, akauweka juu ya mapaja ya Kaimu ili wote waone.

Ulikuwa ukurasa mzuri, Mungu shahidi. Kuta za kreta zilipanda pande zote, mvuke ukitoka chini, na katikati lango kubwa la mawe lenye milango miwili ya mbao. Lango limefungwa. Wageu wako ndani, migongo kwetu, wanatazama bonde lao jipya. Huku nje ya lango hakukuwa na kitu. Karatasi nyeupe.

Safiyo aliangalia kutoka kwenye kigoda chake. Alihesabu migongo, akarudia. Hakuna leso.

Chepkurui aliinama akaangalia muda mrefu. Kisha akainua macho, akamwona Safiyo, akaangalia birika, akaangalia pengo, akafungua kitabu chake kikuukuu katikati, akamwangalia tena. Hakusema ulichodhani atasema. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa:

— Wakishafunga hilo lango, mama yake Cheche atalala wapi?

Kaimu akafungua mdomo. Akasema hilo ni suala la kamati. Alipoulizwa kamati gani, akanywa kahawa.

— Anaweza kupewa viza, Pasipoti akasema. Ya kutembelea. Anakuja mchana, anaona mtoto, anatoka.

— Anatoka anaenda wapi? Si walimchomea nyumba kwa sababu yao? Iko hapa.

Chepkurui akaonyesha ukurasa. Ilikuwa hapo kweli. Nderitu mwenyewe alikuwa ameichora ile nyumba ikiungua, na alikuwa amesahau.

— Basi wamjengee kachumba karibu na lango, Kaimu akasema. Nje, lakini karibu. Na akitaka kuingia anaandika jina kwenye kitabu cha wageni, ni utaratibu wa kawaida.

Safiyo aliweka birika chini. Mlio wake juu ya saruji uliwafanya wote wageuke.

— Mimi nimeandika hicho kitabu, akasema.

Akawaeleza. Hakuremba. Pilau, sufuria, dakika arobaini, askari mwenye heshima zake anayesema mama subiri kidogo, mkono uliochoka kushikilia kifuniko. Hadithi nzima haikuchukua muda wa kunywa kikombe.  Kaimu alitazama kadi yake ya harambee, akayaona yale majina matano, na mimi nadhani hapo ndipo alipohesabu vizuri. Aliikunja.

Pasipoti, ambaye ana moyo mzuri lakini haujui kunyamaza, akaruka na dawa. Mama Sumeya si ana nguvu! Hii kahawa! Nani mwingine anaweza kuwakalisha Kaimu na yeye benchi moja miaka yote hii bila damu? Hiyo ni nguvu kubwa kuliko kupaa. Andika, Kaimu, raia wa sita. Kaimu akaikunjua kadi kwa haraka ya mtu aliyeokolewa.

— Usiandike, Safiyo akasema.

— Lakini mama, tunakuingiza.

— Mnaniingiza kwa uongo. Kahawa ni maji na makaa, hata wewe ukifundishwa utapika. Sina nguvu yoyote, Maxwel. Nina magoti mabaya na mtoto mmoja. Sasa niambieni: hivyo nilivyo, naingia ama siingii?

Alikuwa amewauliza wote, lakini macho yake yalikuwa kwa Nderitu. Na Nderitu, siku hiyo kwa mara ya kwanza, alimwangalia.

— Walisema Wageu peke yao, akasema. Walisema msomaji wa siku hizi hataki mama na birika, anataka nguvu. Sikubishana. Miaka kumi na miwili, Mama Sumeya, nikaona nikibishana watampa mtu mwingine kazi hii. Niliogopa.

Safiyo hakumwambia haidhuru, kwa sababu ilidhuru. Hakumwambia achore nini pia. Alichukua chujio, akaanza kulisafisha.

Nderitu alichomoa penseli. Kisha akamwomba Kaimu asimame, akaiweka karatasi juu ya benchi, akapiga magoti kwenye vumbi. Alifuta ubao wa kulia wa lango, akafuta wa kushoto. Chepkurui alisogea asimzibie mwanga. Penseli ilienda upesi, kama inavyoenda akiwa anaandika bei za nyama. Kwanza ikaja miguu mitatu ya kigoda, halafu jiko, halafu leso, na korosho zake akazichora moja moja ingawa muda ulikuwa unakwisha. Mama Cheche alikuwa ameketi katikati ya lango, nusu huku nusu kule, anapepea makaa, na mbao za lango zimesukumwa pembeni kila moja upande wake, maana zingefungwa vipi mtu akiwa amekaa hapo? Kwa ndani, mgongo mmoja kati ya ile migongo yote ulikuwa umegeuka. Nderitu alimchora Cheche uso.

Saa saba kasoro kumi akaupiga picha kwa simu, akautuma Nairobi.  Kama hawataki wampe mtu mwingine, alisema, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyekwisha kukubali.

Wakati wanangoja, Pasipoti aliinua birika ajimiminie. Lilitoa matone mawili ya machicha. Kahawa ilikuwa imeisha na hakuna aliyeona ikiisha. Safiyo alianza kuinuka aende kuchota maji, goti likakataa, na Kaimu, ambaye bado alikuwa amesimama, akamshika kiwiko. Hakumsaidia kusimama wima. Alimgeuza taratibu, akamkalisha kwenye benchi, mahali pake mwenyewe, pale penye joto.

Hakuna aliyemtafutia jina. Pasipoti alichukua birika akaenda bombani. Kaimu aliketi kwenye kigoda, magoti yakimgusa kidevu, akaanza kupepea makaa kwa katiba.

Simu ikalia. Nderitu akasoma moyoni, halafu akasoma kwa sauti. Ilitoka kwa mhariri wa ile kampuni ya Nairobi, Travis. Alikuwa ameandika: Imeweza, tumeipenda. Lakini hilo lango sasa litafungwa aje?

Nderitu akamwangalia Kaimu. Kaimu, mtu wa siku kumi na moja za utawala, akaangalia makaa. Pasipoti alirudi na maji, akalitua birika jikoni.

Safiyo hakuwa anasikiliza. Alikuwa anajivuta kando, polepole kwa sababu ya goti, mpaka pakapatikana nafasi ya mtu mmoja ubavuni pake. Akapigapiga ubao kwa kiganja.

— Umesimama sana, Chepkurui, akasema. Kaa.